Bayodizeli, masizi na injini zetu za Tanga

Kila bei ya dizeli inapopanda, swali lile lile huzuka upya hapa Tanga, kuanzia kwa wenye boti za mashine pale Deep Sea hadi kwa wenye mashine za kusaga kule Muheza na Pangani: kwa nini tusichanganye dizeli na mafuta ya nazi, au ya mbono, au hata yale yaliyokwisha kukaangia mihogo? Siku hizi swali hilo limeongezewa hoja ya pili, kwamba ukichanganya hivyo hata moshi hupungua. Kwa kuwa nafundisha ufundi wa injini, swali hilo huniangukia mara kwa mara, nami nimeona niliandikie hapa jibu la urefu unaostahili. Habari ya gharama nawaachia wafanyabiashara. Nitashughulika na moshi, hasa zile chembe ndogo ambazo moshi huzibeba na sisi tukazivuta.

Jibu langu ni kwamba dizeli iliyochanganywa na bayodizeli (mafuta ya mimea yaliyogeuzwa kwa kemia ili yafanane na dizeli) iliyotengenezwa sawasawa hutoa masizi kidogo kuliko dizeli tupu, na sababu zake zinajulikana. Hata hivyo, mafuta ya nazi yaliyomiminwa tu ndani ya tangi si bayodizeli, na masizi nayo si chembe zote zinazotoka kwenye bomba la moshi. Wengi wanaonijia hulisahau moja kati ya hayo mawili, na wengine huyasahau yote.

Tuanze ndani ya silinda. Katika injini ya dizeli, hewa huingia peke yake, ikabanwa mpaka ikapata joto kali, kisha nozeli ikapuliza mafuta kwa shinikizo kubwa ndani ya hewa hiyo, nayo yakawaka yenyewe bila cheche. Kwa kuwa muda wa mafuta na hewa kuchanganyika ni mfupi mno, katikati ya kila mnyunyizo hubaki eneo lenye mafuta mengi na hewa haba. Hapo joto la kuvunja molekuli za mafuta lipo, lakini oksijeni ya kuziunguza haipo, na vipande vinavyobaki hushikamana kuwa pete za kaboni; pete huungana na kurundikana mpaka zikawa vitone vya kipenyo cha nanomita 20 hadi 30, na vitone hivyo hunasana kuwa mashada ambayo kwa kawaida hufikia nanomita 100 au zaidi kidogo. Hayo ndiyo masizi. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 70,000, na kwa hesabu hiyo mashada mia kadhaa yanaweza kupangwa mstari mmoja juu ya upana wa unywele mmoja.

Jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu ni kwamba sehemu kubwa ya masizi hayo, zaidi ya tisa ya kumi, huungua humo humo ndani ya silinda kabla vali ya kutolea moshi haijafunguka. Moshi mweusi tunaouona nyuma ya Fuso linalopanda mlima ni ile sehemu ndogo iliyozaliwa ikakosa muda, joto au hewa ya kuiunguza. Kwa hiyo mafuta ya aina yoyote yanaweza kupunguza masizi kwa njia mbili: ama yasiruhusu masizi mengi kuzaliwa, ama yafanye yaliyozaliwa yaungue kwa urahisi zaidi. Bayodizeli hufanya yote mawili, na nitaeleza kwa namna gani.

Kabla ya hapo, ni lazima kujua kwamba chembe inayotoka kwenye bomba si kaboni tupu. Juu ya shada la kaboni hugandamana mafuta ambayo hayakuungua, oili ya injini iliyopenya kwenye ringi za pistoni, salfeti zinazotokana na salfa ya dizeli, maji kidogo, na majivu ya metali. Pamoja na mashada hayo kuna vitone vingine vidogo zaidi, chini ya nanomita 50, ambavyo aghalabu havina kaboni ngumu ndani yake, bali hutungwa na mvuke wa mafuta na asidi ya salfuriki unaoganda pale moshi moto unapokutana na hewa baridi ya nje. Vitone hivyo havionekani kwa macho hata vikiwa vingi kiasi gani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe zisizozidi mikromita 2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Viwango hivyo havitaji rangi ya moshi popote.

Sasa turudi kwenye mafuta ya mimea. Habari ya kuyaunguza ndani ya injini ya dizeli ni ya zamani karibu sawa na injini yenyewe. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo lifanyike, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zilistawi. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mawese, yaliyotoka Kongo, kuwa esta, yaani kile tunachokiita leo bayodizeli, na mwaka uliofuata basi la abiria kati ya Brussels na Louvain liliendeshwa kwa mafuta hayo. Chavanne alikuwa ametatua tatizo ambalo jaribio la Paris liliacha kando, nalo ni uzito wa mafuta ya mimea katika kutiririka.

Mafuta ya mimea yakiwa ghafi ni mazito mara kumi au zaidi kuliko dizeli kwa kipimo cha mnato. Nozeli iliyotengenezwa kupuliza dizeli haiwezi kuyapasua kuwa ukungu mwembamba. Hutoa matone makubwa, mnyunyizo hufika mbali mpaka ukagonga ukuta wa silinda na kichwa cha pistoni, na palipogongwa huota ukoko wa kaboni. Matundu ya nozeli nayo huanza kuziba kwa ukoko huo huo, mnyunyizo huharibika zaidi, na baada ya muda injini iliyoanza bila matatizo hutoa moshi mwingi kuliko ilipokuwa ikinywa dizeli. Najua wapo watakaonikumbusha kisiwa cha Bougainville, ambako katika miaka ya 1990, wakati wa vita na kuzingirwa, watu waliendesha magari yao kwa mafuta ya nazi. Ni kweli waliyaendesha, kwa kuwa hawakuwa na dizeli. Mtu aliyekosa mafuta kabisa ana haki ya kukubali nozeli iliyoziba, lakini mwenye kituo cha dizeli hatua chache kutoka gatini anatafuta nini huko?

Ili mafuta ghafi yawe bayodizeli, hupashwa moto na kuchanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, kwa kawaida magadi makali ya sodiamu au ya potasiamu. Molekuli kubwa ya mafuta huachana na gliserini yake, na kila mkono wake hushikana na methanoli kuwa esta moja. Kwa uzito, mafuta kilo 100 na methanoli kilo 10 hivi hutoa bayodizeli karibu kilo 100 na gliserini kilo 10. Gliserini hutuama chini na kutolewa, kisha esta huoshwa na kukaushwa. Mnato unakuwa umeshuka mpaka kukaribia wa dizeli, na nozeli inaweza kufanya kazi yake. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na mvuke wake hushika moto haraka, kwa hiyo simshauri mtu yeyote aifanyie kazi hii jikoni.

Dizeli ya kawaida ina kaboni asilimia 86 hivi kwa uzito, haidrojeni karibu yote iliyobaki, na oksijeni hakuna. Bayodizeli ya mafuta mengi ya mimea ina kaboni asilimia 77, haidrojeni asilimia 12 na oksijeni asilimia 11. Oksijeni hiyo imo ndani ya molekuli yenyewe, kwa hiyo hufika mpaka katikati ya mnyunyizo, mahali ambapo hewa ya silinda haijafika, na atomi ya kaboni iliyoshikana nayo huelekea zaidi kutoka kama kaboni monoksidi au dioksidi kuliko kuingia katika pete za masizi. Jambo la pili ni kwamba robo moja hivi ya dizeli, kutegemea kiwanda kilikosafishiwa, ni haidrokaboni za aromatiki, ambazo tayari ni pete zilizokamilika. Bayodizeli haina pete hizo kabisa, na lazima masizi yake yaanze kujengwa tangu msingi. La tatu, bayodizeli karibu haina salfa, hivyo salfeti hupungua, ingawa kwetu faida hiyo si kubwa kama zamani kwa sababu nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuhamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni tangu Januari 2015.

La nne husahauliwa hata na waandishi wa vitabu vya ufundi. Masizi machache yanayozaliwa na bayodizeli yana mpangilio wa ndani uliovurugika zaidi kuliko ya dizeli. Bapa zake za kaboni hazijapangana vizuri, na oksijeni hupata pa kushika. Kwa sababu hiyo huungua katika joto la chini zaidi na kwa kasi zaidi, na hiyo ndiyo njia ya pili niliyoitaja juu, ya kuyafanya yaliyozaliwa yamalizike kabla ya kutoka.

Takwimu zinazonukuliwa zaidi ni za Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, ambao mwaka 2002 ulikusanya matokeo ya majaribio mengi ya injini za malori na kuyachambua kwa pamoja. Kwa mchanganyiko wa B20, yaani bayodizeli ya soya asilimia 20 na dizeli asilimia 80, uzito wa chembe ulipungua kwa asilimia 10 hivi, kaboni monoksidi asilimia 11, na haidrokaboni zisizoungua asilimia 21. Kwa bayodizeli tupu, chembe zilipungua kwa karibu asilimia 47. Oksidi za naitrojeni, ambazo nazo ni gesi chafu za moshi, zilifanya kinyume: ziliongezeka kwa asilimia 2 katika B20 na asilimia 10 hivi katika bayodizeli tupu. Watafiti wa nchi tajiri hulalamika kwamba uchambuzi huo umepitwa na wakati, kwa kuwa injini zilizopimwa nyingi ni za kabla ya mwisho wa miaka ya 1990. Kwetu hilo ndilo linaloupa thamani. Injini zinazonguruma Kange, Mabokweni na bandarini kwa sehemu kubwa ni za umri huo au za teknolojia ile ile, zenye pampu ya kimakanika na bila chujio lolote katika bomba la moshi.

Pampu ya kimakanika inaeleza pia sehemu ya ongezeko la oksidi za naitrojeni. Bayodizeli haibanwi kwa urahisi kama dizeli, na pampu inapoisukuma ndani ya mrija, shinikizo hufika kwenye nozeli mapema kidogo. Nozeli hufunguka kabla ya wakati wake, mafuta huwaka mapema, joto la kilele hupanda, na naitrojeni ya hewani huungana na oksijeni. Uwakaji huo wa mapema huyapa masizi muda mrefu zaidi wa kuungua, kwa hiyo sehemu ya faida inayosifiwa kuwa ya mafuta yenyewe huenda ni ya majira ya upulizaji tu. Fundi anayerudisha majira nyuma kidogo ili kupunguza oksidi hizo ajue kwamba anarudisha na masizi kiasi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu wanaopima kwa macho. Asilimia 47 niliyoitaja ni ya uzito. Moshi huzimuliwa kwa hewa safi, hupoozwa mpaka usizidi nyuzi 52, hupitishwa kwenye karatasi ya kuchujia, na karatasi hupimwa uzito kabla na baada. Uzito hauelezi idadi, na tofauti ya viwili hivyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu uzito hufuata kipenyo kwa kipeo cha tatu, yaani kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Chembe moja ya nanomita 1,000 ina uzito sawa na chembe 1,000 za nanomita 100. Tuchukue mfano wa hesabu tu, tukizidhania chembe kuwa duara kamili, ingawa mashada ya masizi hayako hivyo: kama kipenyo cha wastani kitashuka kutoka nanomita 100 hadi 60, na uzito wote ukapungua kwa nusu, idadi ya chembe itakuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Mtu aliyesimama nyuma ya gari hilo ataona moshi umepungua na atafurahi, na mapafu yake yatakuwa yamepokea chembe nyingi zaidi, tena zile ndogo zinazofika ndani kabisa.

Je, ndivyo bayodizeli inavyofanya? Vipimo vingi vinaonyesha kwamba kipenyo cha wastani hushuka kweli, na kwamba idadi ya mashada ya masizi hupungua pia. Kinachobadilika kutoka injini hadi injini ni vile vitone vidogo visivyo na kaboni ngumu: mara hupungua, mara huongezeka, na mara nyingi huongezeka injini inapokuwa baridi au inapofanya kazi nyepesi. Sababu yake ni ya kimaumbile. Esta za soya, za mawese au za mbono huchemka katika joto la juu, karibu na mwisho wa kiwango cha kuchemka cha dizeli, na silinda isipokuwa na joto la kutosha baadhi yake hutoka bila kuungua, zikaganda juu ya masizi au zikatunga vitone vyake zenyewe. Karatasi ya kuchujia ya injini kama hiyo hutoka na rangi ya kijivu au ya kahawia badala ya nyeusi, na mtu akaisifu, ilhali uzito wa mafuta yaliyonasa umeongezeka.

Hili linagusa moja kwa moja matumizi ya Tanga. Basi linalonguruma bila kwenda katika stendi ya Kange likisubiri abiria, boti inayokwenda polepole ikivuta nyavu, jenereta kubwa ya hoteli inayowasha taa chache tu usiku: zote ni injini zenye mzigo mdogo na silinda isiyo na joto la kutosha, na ndizo ambazo bayodizeli huzisaidia kidogo zaidi. Mashine ya kusaga inayobeba mzigo mchana kutwa, au lori lililoshika mwendo wake kutoka Segera, hunufaika zaidi. Nchi za Ulaya zililiona tatizo la idadi mapema, na tangu mwaka 2011 zimeweka ukomo wa chembe bilioni 600 kwa kilomita kwa magari madogo mapya ya dizeli, mbali na ukomo wa uzito. Ukomo huo huhesabu chembe ngumu tu, zinazozidi nanomita 23, na hata wao wameamua kushuka hadi nanomita 10 katika kanuni zao mpya.

Kuhusu aina ya mafuta, nazi ina sifa ambayo watu wa pwani wangependa kuisikia. Karibu asilimia 90 ya asidi zake za mafuta zimeshiba haidrojeni, na nusu hivi ni ya mnyororo mfupi wa kaboni 12. Esta ya mnyororo huo ina oksijeni asilimia 15 kwa uzito, wakati esta ya asidi ya oleiki, iliyo nyingi katika mbono, ina asilimia 11. Tena hugeuka mvuke mapema zaidi na kuwaka bila kuchelewa. Kwa sababu hizo hupunguza masizi vizuri, na oksidi za naitrojeni haziongezeki kama kwa soya. Ufilipino, yenye minazi mingi kuliko sisi, ilipitisha sheria mwaka 2006 na kuanza kuchanganya esta ya nazi katika dizeli yote kwa asilimia 1 mwaka 2007, ikafika 2 mwaka 2009 na 3 mwaka 2024. Ukiangalia ilivyochukua miaka 17 kutoka 1 hadi 3, utaelewa kwamba kikwazo si injini. Nazi huliwa, na mimi ni mtu wa Tanga. Sitashiriki katika mpango wowote utakaofanya wali wa nazi uwe chakula cha sikukuu.

Mbono sina mengi ya kuusemea. Mafuta yake hayaliwi, jambo ambalo lilisifiwa sana kati ya mwaka 2005 na 2010, na mashamba makubwa yaliyoahidiwa wakati huo huko Kisarawe na Kilwa yaliishia pabaya. Masizi yake hayana tofauti kubwa na ya soya.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia yana mantiki zaidi mjini, kwa kuwa tayari yapo na mengine humwagwa mitaroni. Tatizo lake ni kwamba mafuta yaliyochemshwa mara nyingi pamoja na chakula chenye maji huvunjika na kutoa asidi huru, na zikizidi asilimia moja au mbili, magadi ya kichocheo hugeuka sabuni badala ya kutengeneza esta. Mtengenezaji asiyejua hubaki na mchanganyiko wa esta, sabuni, mafuta ambayo hayakugeuka na gliserini, na kwa macho huonekana safi kabisa. Viwango vya Marekani vinataka gliserini yote, iliyo huru na iliyofungwa, isizidi asilimia 0.24, na sababu ni moshi na nozeli: gliserini haiungui vizuri, huacha ukoko, na hutoa akrolini, gesi ile inayochoma macho na pua mafuta ya kukaangia yanapoungua. Bayodizeli yenye harufu kali inayochoma inapotumika injini ikiwa moto inastahili kutiliwa shaka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linazidi mafuta yote kwa uzito. Fundi mmoja wa pampu wa Ngamiani, mzee ambaye mimi mwenyewe huwapeleka wanafunzi wangu kwake, aliniambia tukiwa tunazungumzia habari hii: «Mwalimu, mtu ananiletea gari linalotoa moshi kama tanuri la chokaa, halafu ananiuliza atumie mafuta gani. Mimi namwambia, bwana, tufungue nozeli kwanza.» Hakuwa akipuuza kemia. Nozeli iliyolika hudondosha mafuta badala ya kuyapuliza. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara ya Pangani huinyima injini oksijeni nyingi kuliko ile inayoletwa na B20. Na pampu iliyofunguliwa ili itoe mafuta zaidi kuliko kiwango chake, kwa sababu dereva anataka nguvu ya kubeba machungwa ya Muheza kupita uwezo wa lori, huzalisha moshi ambao mafuta ya aina yoyote hayawezi kuufuta. Punguzo la asilimia 10 la B20 hupimwa katika injini nzima. Katika injini mbovu linaweza lisionekane kabisa, au likaonekana kubwa kwa sababu siku ile ile ya kubadili mafuta filta nayo ilibadilishwa, na sifa zote zikaenda kwa mafuta.

Magari mapya zaidi yana hesabu nyingine. Mengi yanayoingia kutoka Japani yana chujio la masizi ndani ya bomba la moshi, ambalo hunasa karibu chembe zote ngumu na kisha kuziunguza lenyewe kila linapojaa. Kwa kuwa masizi ya bayodizeli huungua katika joto dogo, chujio husafika kwa urahisi zaidi, na hii ni faida halisi. Hasara zake ni mbili. Mabaki ya sodiamu na potasiamu ya kichocheo, ambayo kiwango cha Marekani huyataka yasizidi miligramu 5 kwa kilo, hayaungui kabisa. Hubaki ndani ya chujio kama majivu mpaka lifunguliwe. Hasara ya pili ni kwamba baadhi ya injini huliosha chujio kwa kupuliza mafuta ya ziada silinda ikiwa tayari inatoa moshi, na esta, kwa kuchelewa kugeuka mvuke, huteremka kwenye kuta mpaka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuizimua oili. Mwenye gari la namna hiyo apime oili kwa kijiti mara nyingi zaidi, na kiwango kikipanda bila yeye kuongeza, asisubiri muda wa kawaida wa kuibadilisha. Kuhusu wale wanaokata chujio na kuweka bomba tupu kwa sababu taa ya dashibodi imewaka, niseme tu kwamba hakuna kiasi cha bayodizeli kitakachorudisha walichokitupa.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Joto la pwani hutuokoa na tatizo la kuganda, ambalo huwasumbua watu wa nchi za baridi, ingawa lori lililojazwa mchanganyiko mzito wa esta ya mawese likalala Lushoto usiku wa Julai linaweza kuamka na filta iliyoziba kwa ute. Joto hilo hilo pamoja na unyevu wa baharini huiozesha bayodizeli mapema. Esta hunyonya maji mengi kuliko dizeli, vijidudu huota mahali maji yalipotuama chini ya tangi, na oksijeni ya hewani hushambulia zile asidi ambazo hazijashiba haidrojeni, zikageuka asidi chachu na gundi. Gundi hiyo huishia kwenye nozeli, na tunarudi kwenye mnyunyizo mbaya na masizi. Esta ya nazi huvumilia zaidi kwa sababu imeshiba. Ya soya na alizeti huvumilia kidogo. Tangi la boti linalokaa nusu tupu msimu mzima wa kusi halifai kuhifadhia mchanganyiko wowote. Lijazwe, au likaushwe.

Kwa anayetaka kujaribu, ningeanza na mashine ya kusaga kuliko boti, kwa sababu husimama mahali pamoja na mzigo wake unaweza kurudiwa. Nozeli zipimwe kwanza na fundi, filta ya hewa iwe mpya, injini ipate moto kamili kabla ya kipimo, na mchanganyiko usizidi B20 kutoka kwa mtengenezaji anayeweza kuonyesha kipimo cha asidi na cha gliserini. Mipira ya zamani ya pampu iangaliwe, maana esta huivimbisha, na filta ya dizeli iandaliwe nyingine ya akiba kwa kuwa mafuta haya huyeyusha uchafu wa miaka uliolala tangini. Kisha kipimo kifanywe mara ya kwanza kwa dizeli tupu, mara ya pili kwa mchanganyiko, na mara ya tatu kwa dizeli tupu tena, kwa mahindi ya kiasi kile kile. Kipimo cha tatu wengi hukiruka, ilhali ndicho kinachoonyesha kama kilichobadilika kati ya cha kwanza na cha pili ni mafuta au ni injini yenyewe.